ULIZA TUKUJIBU: Kinyozi, Mpasuaji na Kondoo wa Edinburgh

Toleo lililopita niliandika sentensi mbili tu pembeni ya makala ya maumivu ya mgongo, kwamba daktari mpasuaji kule Uingereza haitwi Dokta, anaitwa Mista, na kwamba wapasuaji wa mji wa Edinburgh huko Uskochi wana chuo chao tangu 1505 na walianza wakiwa vinyozi. Basi. Sentensi hizo mbili zimeleta maswali kuliko mgongo wenyewe, na wengine mmeniambia wazi kwamba napiga chuku. Hilo neno chuku mtaona limejileta lenyewe hapo chini.

Shikamoo mwandishi. We kweli unataka tuamini mtu wa kunyoa ndevu ndo alikua anakata watu miguu? Mume wangu ni kinyozi hapa Ngamiani, hata kidonda cha mtoto hawezi kukitazama. Mama Zuhura, Tanga.

Marahaba Mama Zuhura. Mpe pole mzee, ila waliomtangulia kwenye fani walikua na roho ngumu, na wala huna haja ya kwenda Ulaya kuwatafuta. Mi nimekulia Pangani, na pale mtaani kwetu kulikua na mzee mmoja kinyozi, kiti chake kipo chini ya mkungu. Asubuhi ananyoa, jioni anaumika. Ana pembe zake za ng'ombe kama nne, ncha imekatwa na kutobolewa, anaibandika mgongoni kwa mtu, anavuta hewa kwa mdomo mpaka ngozi inapanda ndani kama andazi, alafu anaziba tundu kwa nta aliyokua ameificha shavuni muda wote, anaisukuma kwa ulimi. Akiitoa anachanja pale palipovimba, anabandika tena, damu inatoka imeganda kama maini. Hiyo ndo chuku yenyewe, kabla neno halijahamia kwa waongo. Na wembe ni uleule uliopita kwenye kidevu cha baba yangu saa tatu asubuhi. Sisi watoto tulikua tunakaa pembeni tunahesabu pembe.

Sasa Ulaya ya zamani ilikua hivyohivyo. Matabibu waliosoma, wale wa Kilatini, kazi yao ilikua kutazama mkojo kwenye chupa na kuandika dawa, damu hawagusi. Mapadri waliokua wanajua uganga walikatazwa na mkutano mkuu wa Kanisa wa mwaka 1215 wasifanye upasuaji wa kukata wala kuchoma. Kwa hiyo aliyebaki na wembe mkali, mkono usiotetemeka na kiti cha kumkalisha mtu ni nani? Ni mume wako, Mama Zuhura.

Tarehe 1 Julai 1505 halmashauri ya mji wa Edinburgh ikawapa vinyozi wapasuaji hati ya kuwa chama kamili cha mafundi, kama walivyokua na vyama vyao mafundi wengine wa mji. Mfalme James wa Nne akaipitisha mwaka uliofuata. Mi hiyo hati ndo naipenda kuliko historia yote iliyofuata, kwa sababu ni fupi na ina mambo yasiyoingia akilini pamoja. Inasema mtu asifanye kazi hii mjini mpaka apimwe na mafundi wakubwa, ajue anatomia, yaani umbile na tabia ya kila kiungo cha mwili. Ajue mishipa yote ya damu ili akitoa damu aitoe kwa wakati wake. Na ajue pia ni kiungo kipi kimetawaliwa na buruji gani kwa wakati huo! Ndio, nyota. Kama mwezi upo kwenye buruji inayotawala mkono basi mkono huo usiguswe. Yaani mtihani wa kwanza wa wapasuaji wale ulikua na swali la falaki ndani yake, na ukifeli hilo umefeli.

Mwanagenzi ilibidi ajue kusoma na kuandika, jambo ambalo kwa 1505 sio dogo. Anayeingia uanachama analipa ada ya kutunza madhabahu ya mtakatifu wao, Mungo, kwenye kanisa la St Giles, na juu yake anawaandalia wakubwa chakula. Hapo naona hatujabadilika sana. Alafu kuna kipengele kimoja cha mwaka: mara moja kila mwaka wapewe maiti ya mtu mmoja aliyehukumiwa kifo ili wajifunzie. Hicho kiweke pembeni, tutakirudia, maana ndicho kilicholeta balaa.

Na cha mwisho, kilichonifanya nicheke peke yangu kwenye daladala: hamna mtu yeyote, mwanaume wala mwanamke, anaruhusiwa kutengeneza au kuuza pombe kali ndani ya mji isipokua wao. Ile pombe ambayo leo dunia inaiita wiski, wakati huo ilihesabiwa kama dawa, kwa hiyo kinyozi mpasuaji ndo alikua mwenye gongo halali ya mji mzima. Na sio maneno ya kwenye karatasi tu, mwaka 1557 mama mmoja anaitwa Bessie Campbell alifikishwa mbele ya wakubwa wa mji kwa kuuza pombe hiyo kinyume na haki ya wapasuaji, akaamriwa aache. Wamama wa biashara hiyo mnaonisoma, dada yenu huyo.

Mfalme James mwenyewe alikua anapenda ufundi huu vibaya sana. Vitabu vya mweka hazina wake vimeandika malipo kwa watu ambao mfalme kawang'oa meno. Soma vizuri, sio waliomng'oa mfalme, ni aliowang'oa yeye! Unang'olewa jino na mtu asiyesomea kokote, alafu unapewa hela uende nyumbani ukanyamaze.

Ndoa ya wembe na kisu ilidumu zaidi ya miaka 200 pale Edinburgh. Wapasuaji walizidi kujiona, malkia Mary aliwapa barua mwaka 1567 kwamba wao wasibebe silaha vitani kwa sababu kazi yao ni kutibu majeruhi wa pande zote, na polepole wakaanza kuona aibu kukaa meza moja na wanyoa ndevu. Mwaka 1722 wakaachana rasmi. London walikua na ndoa yao tofauti, iliyofungwa na Henry wa Nane mwaka 1540 kwa sheria ya bunge, na sheria hiyo ilikua imeshawagawa ndani ya nyumba: kinyozi asipasue, ila jino anaweza kung'oa, na mpasuaji asinyoe. Wao waliachana 1745.

Hicho chuo kina kampasi? Wanachukua division ngapi? Kelvin, Mbeya.

Kelvin, kaka, punguza spidi. Neno chuo hapa linapotosha na kosa ni langu. Fikiria NBAA, ile bodi ya wahasibu, na cheti chake cha CPA, au ukiwa Kenya fikiria KASNEB. Wewe unasomea kwingine, wao wanatunga mtihani, wanasimamia viwango, wanakupa herufi za kuweka nyuma ya jina. Chuo cha wapasuaji ni kitu cha namna hiyo. Unakua umeshamaliza udaktari kwanza, ndo unaanza kukikimbilia. Edinburgh walipata hati ya mfalme George wa Tatu mwaka 1778 ikawaruhusu kujiita cha Kifalme, na jengo lao la sasa lenye nguzo kubwa mbele kama hekalu lilifunguliwa 1832, kachora William Playfair. Division yako itunze kwa ajili ya chuo kikuu.

Assalam alaykum. Nimeishi Maskati miaka mingi, hapa hospitalini tulikua na mpasuaji Mwingereza, ukimwita Doctor anakurekebisha, anasema niite Mister. Nilidhani ana kiburi au kafutiwa leseni. Abu Said, Oman.

Wa alaykum salam Abu Said. Hajafutiwa kitu. Kiburi labda kidogo.

Udaktari kule ulikua ni digrii ya chuo kikuu, na waliokua nayo ni wale matabibu wa chupa ya mkojo. Mpasuaji hakupita chuo kikuu, alijifunza kwa uanagenzi, miaka kadhaa unafagia duka la fundi, unamshikia beseni, unamshikilia mgonjwa asirushe mateke, mwisho unapimwa na chama. Digrii huna, kwa hiyo Dokta huitwi, unaitwa Mista kama fundi seremala. Matabibu walikua wanalitumia hilo kuwadharau.

Karne ya 19 mambo yakageuka, ikawa lazima usomee udaktari kwanza ndo uende kwenye upasuaji, na pia dawa ya usingizi ikaja (klorofomu ilijaribiwa hapohapo Edinburgh na James Young Simpson mwaka 1847) wapasuaji wakaanza kuponya watu kwelikweli. Ungedhani sasa wataidai ile Dokta. Wapi! Waling'ang'ania Mista yao, tusi limekua cheo. Leo kijana anaanza Mista kama watu wote, anamaliza chuo cha udaktari anakua Dokta, anahangaika na mitihani ya uanachama wa chuo cha wapasuaji miaka na miaka, akifaulu anarudi kuwa Mista, na anafanya sherehe. Wanawake wanarudi kwenye Miss au Ms, hata aliyeolewa na ana wajukuu mara nyingi anabaki Miss kazini. Ni desturi ya Uingereza na Ayalandi na sehemu chache zilizorithi huko. Kwetu ukimwita mpasuaji bingwa "Mista" wodini atadhani unamtafuta mwalimu wa hesabu.

Mimi ni nesi. Umeandika wana chuo chao tangu 1505 lakini hujasema hao watu walikua wanajifunzia kwa nani. Sisi mochwari tunajua maiti hazipatikani hivihivi. Tuambie ukweli. Nesi wa Kisauni, Mombasa.

Dada Nesi umegonga ndipo. Ukweli wenyewe sio mzuri, kama unakula weka sahani pembeni.

Hati ya 1505 iliwapa maiti mmoja kwa mwaka. Mmoja! Mwisho wa karne ya 17 wakaomba zaidi, mji ukawakubalia maiti za watu waliofia kwenye nyumba ya kurekebishia tabia na watoto wachanga waliookotwa, kwa sharti kwamba wajenge ukumbi wa anatomia. Ukumbi ukasimama 1697. Mwaka 1702 wakampasua humo David Myles, mtu aliyenyongwa, kazi ilichukua zaidi ya wiki, kila siku fundi mwingine na kiungo kingine, mbele ya watazamaji. Unaelewa wewe nesi harufu yake ilivyokua siku ya sita, maana hamna friji wala fomalini. Ndo maana masomo ya anatomia yalikua ya msimu wa baridi.

Sasa ruka mpaka miaka ya 1820. Edinburgh imekua mji mkubwa wa udaktari, vijana wanatoka kila pembe kuja kusoma, nje ya chuo kikuu kuna waalimu binafsi wanafundisha anatomia kwa ada, na anayevuta watu kuliko wote ni Robert Knox, ana wanafunzi zaidi ya 500 kwa msimu mmoja. Huyu Knox alikua felo, yaani mwanachama wa ngazi ya juu, wa Chuo cha Wapasuaji na ndo mtunzaji wa makumbusho yao. Darasa lake lilikua namba 10 pale Surgeons' Square, jirani kabisa na ukumbi wa zamani. Wanafunzi mia tano, na wanaonyongwa kwa mwaka hata hawajazi chumba. Ukiweka mahitaji hayo na upungufu huo sokoni unajua kinachofuata. Walikuwepo wezi wa makaburi, watu waliwaita wafufuaji, na wenye uwezo walikua wanafunika makaburi ya ndugu zao kwa vizimba vya chuma mpaka mwili uoze usiwe na bei. Vizimba vingine vipo hadi leo kwenye makaburi ya Uskochi.

Novemba 1827 kwenye gesti ya mtu anaitwa William Hare akafa mzee mstaafu wa jeshi, anaitwa Donald, kafa kifo chake cha kawaida ila kaacha deni la kodi, pauni 4. Hare na mpangaji wake William Burke wakafungua jeneza, wakamtoa mzee, wakajaza magome ya miti ya kutengenezea ngozi ili uzito ubaki, jeneza likaenda kuzikwa na heshima zake zote. Usiku wakampeleka Donald kwa kina Knox. Walilipwa pauni 7 na shilingi 10. Toa deni la 4, faida unaiona.

Tatizo wapangaji hawafi kila wiki. Kwa hiyo wakaanza kuwasaidia. Mwaka 1828 waliua watu 16, masikini, wazururaji, wamama walevi, mgeni asiye na ndugu mjini, wanamlewesha, mmoja anamlalia kifuani mwingine anamziba pua na mdomo, mwili unabaki hauna alama, na bei ilipanda hadi pauni 10 kwa maiti mbichi. Darasani hamna aliyeuliza mbona hawa wote wanakuja bado laini. Hapo ndo ninapomshindwa Knox. Mtu aliyejua mwili wa binadamu kuliko wote mjini, analetewa maiti isiyo na udongo wa kaburi hata kwenye kucha, na bado anatoa hela! Hakushtakiwa kamwe. Watu walichoma sanamu lake mbele ya nyumba yake, na kazi ya makumbusho ya Chuo akaiacha 1831.

Walikamatwa baada ya usiku wa tarehe 31 Oktoba 1828, wapangaji wenzao walikuta maiti ya bibi mmoja imefichwa chini ya majani makavu ya kulalia. Hare akageuka shahidi wa serikali, akaachiwa, na huyo alitokomea. Burke akanyongwa 28 Januari 1829, na hukumu ikasema mwili wake nao upasuliwe hadharani, watu wakajipanga foleni kuuona. Kiunzi chake cha mifupa kipo chuo kikuu cha Edinburgh mpaka leo, na kipande cha ngozi yake kilitengenezewa kijitabu cha mfukoni, hicho wanacho Chuo cha Wapasuaji kwenye makumbusho yao.

Bunge likatunga sheria ya anatomia mwaka 1832, ikaruhusu maiti zisizodaiwa na ndugu zipelekwe kwa wanafunzi. Biashara ya wafufuaji ikafa. Ila angalia ni maiti za nani hazikudaiwa, ni zile za nyumba za mafukara. Zamani kupasuliwa ilikua sehemu ya adhabu ya muuaji, kuanzia hapo ikawa sehemu ya kuwa huna kitu. Wewe wa mochwari unajua hili bila kufundishwa.

Hivi wanawake walianza lini? Nipo kidato cha sita PCB, kaka yangu anasema upasuaji sio kazi ya wanawake toka enzi. Jovitha, Bukoba.

Kaka yako mpelekee kisa cha kondoo.

Mwaka 1869 Sophia Jex-Blake na wenzake, mwisho wakawa saba, waliingia chuo kikuu cha Edinburgh kusomea udaktari. Walilipishwa ada kubwa kuliko wanaume kwa sababu walifundishwa peke yao. Mmoja wao, Edith Pechey, akaongoza kwenye kemia kati ya wale waliosoma somo hilo kwa mara ya kwanza, tuzo iliyokua haki yake akapewa mwanaume aliyekua chini yake. Moto ukawaka kuanzia hapo.

Tarehe 18 Novemba 1870 walikua na mtihani wa anatomia pale Surgeons' Hall, jengo lilelile la nguzo. Wanafika wanakuta mtaa umejaa, vijana mamia, wengine wamelewa, wanaimba, wanarusha matope. Geti likafungwa usoni kwao. Mwanafunzi mmoja wa ndani aliyekua upande wao akakimbia akafungua, wakaingia na magauni yamechafuka hivyohivyo wakakaa kwenye mtihani. Katikati ya mtihani mlango unafunguliwa, anasukumwa kondoo ndani. Kondoo mzima, alikua anafugwa hapohapo uwanjani. Mwalimu wao, Dk. Handyside, hakupaza sauti, alisema tu mwacheni abaki, ana akili kuliko waliomleta. Mtihani ukaendelea na kondoo yupo.

Ningependa nikwambie walishinda siku ile, ila hapana. Chuo kikuu kiliwanyima digrii na 1873 wakashindwa mahakamani. Sheria ya kuruhusu wanawake kupewa leseni ikapita 1876, na vyuo vya Edinburgh, cha wapasuaji kikiwemo, vikaanza kuwapa wanawake leseni 1886. Ufelo wenyewe wa Chuo cha Wapasuaji mwanamke wa kwanza kuupata ni Alice Headwards-Hunter, 1920. Miaka hamsini tangu siku ya kondoo. Na wale saba walipewa digrii zao na chuo kikuu mwaka 2019, wakiwa wote wameshakufa siku nyingi.

Soma PCB yako Jovitha. Na kama kaka bado anabisha muulize yeye fizikia kapata ngapi.

Mtoto wa dada yangu kamaliza udaktari, sasa anasema anasomea ubingwa wa upasuaji "chuo cha Arusha", lakini kila siku yupo wodini kwenye hospitali moja huku Kilimanjaro, chuo sijawahi kumwona anakwenda. Nahisi kadisko anatudanganya na hela ya ada tunachanga. Baba Neema, Moshi.

Baba Neema, mwombe radhi kijana kabla hajajua kama umeniandikia.

Kuna Chuo cha Wapasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, wenyewe wanakiita COSECSA, makao yake yapo Arusha. Kilianzishwa 1999, kikiwa kimezaliwa na Chama cha Wapasuaji wa Afrika Mashariki ambacho kipo tangu 1950. Wanachama ni nchi nyingi, sisi, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Ethiopia, Malawi, Zambia, Zimbabwe, Msumbiji na nyingine. Hakina madarasa. Wenyewe wanasema ni chuo kisicho na kuta. Hospitali inakaguliwa, ikionekana ina wapasuaji wa kufundisha na kazi ya kutosha inapewa ithibati, kijana anajifunza hapohapo anapofanyia kazi, kila operesheni aliyoshika anaiandika kwenye daftari la kielektroniki, alafu anakwenda kwenye mitihani ambayo ni ileile kwa nchi zote. Kuna hatua ya uanachama, kama miaka miwili, kisha inafuata ya ufelo, na kwa upasuaji wa jumla hatua zote pamoja zinafika kama miaka mitano. Muulize hilo daftari, atakuonyesha mabusha na ngiri na appendiksi zote alizoshika na tarehe zake. Akisita ndo urudi kwangu.

Sababu ya kuwa hivi ni hesabu tu. Zamani mpasuaji wetu ilibidi apande ndege. Profesa Sebastian Kyalwazi wa Uganda, anayekumbukwa kati ya wapasuaji wa kwanza kabisa Waafrika katika ukanda huu, ufelo wake aliuchukua Edinburgh, kwenye hichohicho chuo cha vinyozi. Baadaye vyuo vikuu vyetu vikaanza shahada za ubingwa, Makerere, Nairobi, Muhimbili, na njia hiyo ipo na ni nzuri, ila inamtoa daktari hospitali ya wilaya kwa miaka na mara nyingi harudi. COSECSA inamwacha kwa wagonjwa wake. Toka 2007 wana ushirikiano na Chuo cha Kifalme cha Wapasuaji cha Ayalandi, kile cha Dublin cha 1784, wanasaidiana kwenye mafunzo na mitihani.

Kwa hiyo kijana wako ni mwanagenzi, Baba Neema, yupo kwa fundi. Ada endeleeni kuchanga.

Nipo Glasgow nasoma, hayo makumbusho mtu wa kawaida anaingia au mpaka uwe daktari? Msomaji wenu.

Unaingia, ni kiingilio tu. Panda treni, haifiki saa moja mara nyingi, shuka Waverley, panda kilima mpaka Nicolson Street. Wameanza kukusanya vitu hivyo toka 1699, walitoa tangazo watu walete vya ajabu walivyonavyo. Usikimbilie kijitabu cha ngozi ya Burke kama wote wanavyofanya. Tafuta kwanza michoro ya Charles Bell, mpasuaji aliyewachora kwa rangi majeruhi wa vita, mkono haupo, tumbo limefunguka, na sura inakutazama. Vyombo vya kung'olea meno pia vipo, ukiviona utamwonea huruma kila aliyelipwa na mfalme James.

Ukitoka una nguvu bado, George Square ipo dakika chache kwa miguu, ndo mitaa ya chuo kikuu alichosoma Mwalimu Nyerere 1949 hadi 1952. Kule unaweza kupiga picha. Makumbusho ya wapasuaji hawaruhusu, mabaki ya watu yale, acha simu mfukoni.